Ukitaka kurudi kwenye Windows ya zamani: Fundi anajibu barua zenu

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, barua nyingi za safu hii zinaimba wimbo mmoja: "Fundi, nilipandishwa toleo, sikupenda, nirudishe." Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika bado ana muda, na katika shughuli hii muda ndio unaoamua karibu kila kitu.

Habari za kazi, Fundi. Alhamisi iliyopita nilikubali Windows 11 bila kufikiri sana, maana ule ujumbe ulikuwa unanijia kila nikiwasha kompyuta. Sasa skana yangu, niliyokuwa nayo tangu enzi za Windows 7, haitambuliki. Menyu imehamia katikati, na mashine imekuwa nzito. Kaka yangu anasema nifute kila kitu nianze upya. Jirani anasema kuna kitufe tu cha kurudi. Humo ndani mna picha za wazazi wangu, ambao sasa ni marehemu, na hesabu za kikundi chetu. Nani msema kweli? — Mama wa Skana

Nzuri, Mama. Jirani ndiye msema kweli, ila ukweli wake una siku kumi. Windows inapopanda toleo haiitupi ile ya zamani. Inaifungasha kwenye folda iitwayo Windows.old, humo humo kwenye diski C, na kuiweka kando. Siku kumi zikipita mfumo wenyewe unaifuta ili kuokoa nafasi, na kuanzia hapo kaka yako ndiye anayesema kweli. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 tulipewa siku 30. Mwaka uliofuata Microsoft wakazikata zikabaki kumi, na mpaka leo sijaona sababu ya kunishawishi.

Kwa hiyo kabla hujanakili hata picha moja, jiongezee muda. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza kulia kwenye jina litakalotokea na uchague Run as administrator. Kwenye dirisha jeusi andika hivi, kisha Enter:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Sitini ndiyo idadi ya siku, na ndiyo ya juu kabisa inayokubalika. Ukitaka kuhakikisha, rudia amri hiyo hiyo ukiweka Get mahali pa Set na kuacha Value. Itakuonyesha idadi iliyowekwa. Ifanye leo, usingoje kesho, kwa sababu amri hii inarefusha muda uliopo lakini haiwezi kurudisha folda iliyokwisha kufutwa. Kama huna uhakika siku ya kwanza ilikuwa ipi, ingia Settings, System, About, utazame tarehe iliyo mbele ya Installed on. Kuanzia sasa usiguse programu yoyote ya "kusafisha kompyuta". Hizo huiona Windows.old kama takataka kubwa kuliko zote na kuifuta kwa furaha.

Sasa una nafasi ya kutulia, na ningependa uitumie kujiuliza kama kweli unahitaji kurudi. Malalamiko yako ni matatu, na mawili kati yake hayahitaji safari hiyo. Menyu ya katikati inarudishwa kushoto kwa kuingia Settings, Personalization, Taskbar, kisha Taskbar behaviors. Uzito wa mashine katika siku za mwanzo ni kawaida: mfumo mpya unaorodhesha upya faili zako zote na kushusha masasisho yake kimyakimya. Uache umewashwa na umechomekwa kwenye umeme kwa siku moja au mbili, kisha uupime tena.

Skana ndiyo yenye hoja. Skana ya umri huo inategemea draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) iliyoandikwa zamani, na Windows 11 ina kinga iitwayo Memory integrity inayozuia draiva zisizokidhi masharti yake. Ingia Windows Security, Device security, Core isolation. Ukiona mstari wa kukagua draiva zisizopatana, ubonyeze. Mara nyingi utaliona jina la mtengenezaji wa skana yako pale pale. Usikimbilie kuizima. Kinga ile inazuia programu haramu kuingia kwenye kiini cha mfumo, na kuizima moja kwa moja kwa ajili ya skana ni bei ambayo mimi nisingelipa. Kwanza tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kama ana draiva mpya zaidi. Kama hana, jaribu programu ya skani isiyotegemea draiva ya mtengenezaji: VueScan inazihudumia skana nyingi ambazo wenyewe walizitelekeza. Ina toleo la majaribio, kwa hiyo utajua kama inafaa kabla ya kutoa hela.

Umejaribu yote na bado unataka kurudi? Sawa. Sasa tuzishughulikie picha.

Kwa ahadi ya Microsoft, kitufe cha kurudi hakigusi faili zako binafsi, na mara nyingi ahadi hiyo inatimia. Lakini ni shughuli inayoandika upya sehemu kubwa ya diski, na umeme ukikatika katikati, au diski ikiwa na ugonjwa uliojificha, ahadi haitakusaidia. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Hapa kuna mtego ambao watu wengi hawaujui mpaka umewanasa. Windows hupenda kuhamishia Desktop, Documents na Pictures kwenye OneDrive, hata kwa mtu asiyekumbuka kukubali. Ikifanya hivyo, faili nyingine haziko kwenye kompyuta yako hata kidogo. Unaona jina na picha ndogo tu, yenyewe iko kwenye seva. Ingia kwenye folda ya picha utazame alama iliyo kando ya kila faili. Wingu dogo maana yake faili iko mtandaoni tu. Bonyeza kulia kwenye folda nzima, chagua Always keep on this device, na usubiri mpaka mawingu yote yageuke kuwa alama za vema za kijani. Hapo ndipo unakili. Ukimaliza, chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ufungue picha kadhaa za miaka mbalimbali. Kuhesabu faili hakutoshi, zifungue uzione.

Hesabu za kikundi nazo zina jambo lake. Kama zimo ndani ya programu ya uhasibu, na si kwenye Excel, usitegemee kunakili folda. Tumia kitufe cha programu yenyewe cha kutengeneza nakala rudufu, maana nyingine huficha data zake mahali ambapo wewe na mimi hatutapakumbuka.

Jambo jingine la kuandika kwenye karatasi ni ufunguo wa kufungulia diski. Kompyuta nyingi za sasa husimba diski zake zenyewe, yaani huzifunga zisisomeke bila ufunguo, na zikihisi badiliko kubwa zinaweza kukudai tarakimu 48 kabla ya kuwaka. Ingia Settings, Privacy & security, utazame kama Device encryption imewashwa. Ikiwa imewashwa, tarakimu hizo ziko kwenye akaunti yako ya Microsoft mtandaoni. Ziandike kwa mkono, na karatasi isikae ndani ya mkoba wa kompyuta.

Kumbuka pia neno la siri ulilokuwa ukitumia kabla ya Alhamisi ile. Ukirudi nyuma, ndilo litakalotakiwa. Na kama umemfungulia mtu akaunti mpya kwenye mashine baada ya kupanda toleo, ifute kwanza, kwa sababu inaweza kuzuia safari.

Baada ya hapo kazi yenyewe ni nyepesi. Chomeka chaja, chomoa diski ya nje na flashi zote, kisha Settings, System, Recovery, na ubonyeze Go back. Itakuuliza kwa nini unaondoka, chagua lolote. Itakuomba ujaribu kwanza masasisho, kataa. Itakukumbusha kuhusu neno la siri, kisha itazima na kuanza. Skrini inaweza kukaa nyeusi au kusimama kwenye asilimia moja kwa muda unaokera. Usiguse kitufe cha kuzima. Ikiwaka, programu ulizoweka baada ya kupanda toleo hazitakuwepo na mipangilio uliyobadilisha itakuwa ya zamani, lakini skana itakuwa pale ulipoiacha.

Ila, Mama, unarudi kwenye nyumba isiyo na mlinzi. Kwa kompyuta za nyumbani Microsoft waliweka mpango wa kuongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Mashine iwe na toleo la 22H2, uwe na akaunti ya Microsoft, na ujiandikishe kupitia Settings, Update & Security, Windows Update. Kuna njia ya kujiandikisha bila malipo, kwa kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Jiandikishe siku hiyo hiyo utakayorudi. Muda huo utumie kutafuta skana nyingine, kwa sababu hiyo uliyonayo ndiyo inayokushika mkono.

Fundi, mume wangu ameona folda ya Windows.old ina zaidi ya GB 20 na anataka kuifuta leo. Nimemzuia kwa maneno tu, na sina hoja. — Mke Mwenye Subira

Hoja yako ni hii: folda hiyo ndiyo tiketi yenu ya kurudi, na ikifutwa hakuna atakayewauzia nyingine. Kama nyote wawili mmeridhika na toleo jipya, printa inachapa, sauti inatoka na programu za kazi zinafunguka, basi mume wako yuko sahihi. Nafasi ni yenu, itumieni. Asiifute kwa kitufe cha Delete, ataishia kubishana na ujumbe wa kukosa ruhusa. Aingie Settings, System, Storage, Temporary files, aweke alama kwenye Previous Windows installation(s), kisha aondoe. Na kabla hajaondoa, tazameni ndani ya Windows.old, kwenye Users. Mara nyingine faili ambazo mtu aliamini zimepotea wakati wa kupanda toleo zimelala humo.

Shikamoo Fundi. Mimi nimechelewa. Ni mwezi wa pili sasa tangu kompyuta ya baba ipande kutoka 10 kwenda 11, na hicho kitufe cha Go back kimefifia, hakibonyezeki. Baba anataka Windows yake. Nifanyeje nisiharibu? — Kijana wa Nyumbani

Marahaba. Kitufe kimefifia kwa sababu hakina cha kurudisha. Usipoteze usiku ukitafuta mbinu za kukiamsha, na usimwamini anayekuuzia programu ya "kushusha Windows bila kufuta". Utafanya kazi mpya kabisa: kusakinisha Windows 10 kwenye diski tupu. Maana yake programu zote zitaondoka, na faili zote zitaondoka pia isipokuwa zile ulizozitoa nje. Yote niliyomwandikia Mama wa Skana kuhusu mawingu ya OneDrive, kufungua nakala kwenye kompyuta nyingine na tarakimu 48 yanakuhusu, tena kwa uzito zaidi, maana yeye ana ahadi ya Microsoft na wewe huna.

Kabla ya kufuta, fanya ziara ya mashine ukiwa na kalamu. Andika orodha ya programu zote na namna zilivyolipiwa. Microsoft Office ya baba inaweza kuwa ya leseni ya zamani yenye ufunguo kwenye kasha. Je, kasha lipo? Toa alamisho na maneno ya siri kwenye kivinjari. Hapo kuna jambo dogo: Firefox na Thunderbird hukataa kufungua wasifu (folda yenye data na mipangilio ya mtumiaji) uliowahi kutumiwa na toleo jipya zaidi la programu hizo. Kwa hiyo ukirudisha folda ya wasifu, hakikisha programu unayoweka si ya zamani kuliko ile aliyokuwa nayo.

Leseni ya Windows isikuhangaishe. Kama mashine iliwahi kuwashwa na Windows 10 halali, leseni yake imesajiliwa kwenye seva za Microsoft kwa kuitambua madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Wakati wa kusakinisha utaulizwa ufunguo; chagua I don't have a product key, kisha uchague aina ile ile aliyokuwa nayo. Ikiwa ilikuwa Home, weka Home. Ukiweka Pro kwenye mashine ya Home utabaki na maandishi ya kukudai kwenye kona ya skrini.

Flashi iwe ya GB 8 au zaidi, na isiwe na kitu unachokipenda, maana itafutwa. Programu ya kuitengeneza, Media Creation Tool, ipakue kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe.

Sasa draiva. Hapa ndipo vijana wengi hukwama saa sita za usiku: Windows 10 imeingia vizuri, lakini haiioni Wi-Fi, na draiva ya Wi-Fi iko kwenye intaneti. Kabla ya kufuta, ukiwa bado ndani ya Windows 11, chomeka diski ya nje, fungua tena lile dirisha jeusi la msimamizi, utengeneze folda tupu iitwayo draiva kwenye diski hiyo na uandike:

dism /online /export-driver /destination:E:\draiva

E ni herufi ya diski yako ya nje, badilisha inapobidi. Amri hiyo inakusanya draiva za nyongeza zilizo kwenye mashine. Nyingi zitakubalika na Windows 10, lakini bado ningepakua draiva ya Wi-Fi ya Windows 10 kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta na kuiweka kwenye flashi ya pili. Ukikwama kabisa, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB na kugawa intaneti hutambuliwa bila draiva ya ziada, na inakuvusha.

Kwenye kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, kisakinishi kinaweza kukuonyesha orodha tupu ya diski. Diski haijafa. Imefichwa nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na kisakinishi hakina draiva yake. Pakua draiva ya Intel Rapid Storage kwa modeli yako, ifungue kwenye flashi, kisha kwenye ukurasa ule wa diski ubonyeze Load driver. Kuna wanaokwenda kuzima VMD kwenye mipangilio ya awali ya mashine. Inafanya kazi kwa diski inayofutwa, lakini nisingependa mtu ambaye bado ana data humo aiguse.

Siku yenyewe: zima, chomeka flashi, washa ukibonyeza F12, au F2, Esc au Del kutegemea mtengenezaji, na uchague flashi. Chomoa diski nyingine zote, hasa ile yenye nakala ya baba. Nasema hasa kwa sababu ukurasa wa kuchagua diski unaziita Drive 0 na Drive 1 tu, haukwambii ipi ina picha za harusi. Chagua Custom. Kwenye diski ya mfumo futa vipande vyote mpaka ibaki nafasi moja isiyogawanywa, kisha Next. Windows itajigawia yenyewe. Ukishaona uso wa kompyuta, kazi ya kwanza ni draiva, ya pili ni masasisho yote pamoja na ule mpango wa kuongeza muda wa usalama, na faili za baba ziwe za mwisho.

Swali moja hukuliandika, nami naliuliza: kompyuta ya baba ilinunuliwa ikiwa na Windows 10, au ilizaliwa na 11? Kama ilizaliwa na 11, simama. Nenda kwanza kwenye ukurasa wa modeli hiyo kwa mtengenezaji, utafute draiva za Windows 10. Zisipokuwepo, mweleze baba kwamba hakuna pa kurudi, na umwekee menyu kushoto. Wengi hutulia hapo.

Fundi, mimi sitaki 10 wala 11. Nataka Windows 7 kwenye laptopu yangu mpya. Ina programu moja ya zamani ninayoitegemea. — Mhafidhina

Hapana. Windows 7 iliachwa tarehe 14 Januari 2020, na Chrome iliishia toleo la 109 kwake. Zaidi ya hapo, kisakinishi chake hakina draiva za USB 3.0 wala za diski za NVMe, kwa hiyo kwenye laptopu yako mpya kipanya hakitasogea na diski haitaonekana. Kuna watu wanaoingiza draiva hizo kwa mkono na kufaulu. Wanabaki na mashine ambayo kadi yake ya picha inafanya kazi nusu na ambayo nisingeiruhusu ifungue akaunti ya benki.

Kinachokufaa ni kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya programu. Sakinisha VirtualBox, ambayo haina malipo, utengeneze ndani yake mashine ya Windows 7, uweke programu yako humo, na kwenye mipangilio ya mtandao uzime kadi kabisa. Faili utazipitisha kupitia folda ya pamoja. Kama programu yako ni ya enzi za kale kiasi cha kuwa ya biti 16, chagua Windows 7 ya biti 32, kwa sababu Windows ya biti 64 haiendeshi programu hizo. Na kabla ya yote hayo, bonyeza kulia kwenye programu, Properties, Compatibility, uchague Windows 7 pale. Nimeona programu za hesabu za karne iliyopita zikikubali kwa kubofya huko peke yake.

Kwako Fundi. Wewe ni wa Windows tu? Nina MacBook yenye prosesa ya M1, nimeipandisha kwenye macOS Tahoe, na programu yangu ya muziki inazimika. Natamani Sequoia, toleo lililotangulia. — Mpiga Kinanda

Ninazijua pia, ingawa Mac hunipa kazi kidogo. Kwako hakuna kitufe wala folda ya kando. Kurudi ni kufuta diski na kusakinisha upya, na huwezi kushuka chini ya toleo ambalo Mac ilitoka nalo kiwandani. M1 ilianza na Big Sur, kwa hiyo Sequoia iko ndani ya uwezo wako.

Pakua kisakinishi cha Sequoia kutoka Apple na ukiweke kwenye flashi kwa amri ya createinstallmedia, iliyomo ndani ya kisakinishi hicho. Zima Mac, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka uone chaguo za kuanzia, kisha uchague flashi. Futa diski kwa Disk Utility, sakinisha. Wenye Mac za Intel zenye chipu ya T2 wanahitaji kwanza kuruhusu kuwasha kwa diski ya nje kwenye Startup Security Utility, wewe huhitaji.

Tatizo lako litakuwa kurudisha data. Nakala ya Time Machine uliyoitengeneza ukiwa Tahoe usitegemee kuihamishia kwenye Sequoia kwa Migration Assistant, na maktaba ya Photos ikishafunguliwa na toleo jipya haifunguki kwenye la zamani. Kama una nakala ya kabla ya kupanda toleo, hiyo ndiyo dhahabu yako. Kama huna, toa picha zenyewe kutoka Photos kama faili, nakili miradi ya muziki kwa mkono, na kwenye programu ya muziki uzime leseni kabla ya kufuta, maana nyingi huhesabu mashine. Lakini mimi ningeanza kwa kutazama ukurasa wa mtengenezaji wa programu hiyo. Programu za sauti huchelewa kuufuata mfumo mpya, na sasisho la kurekebisha likija, flashi hutaihitaji.

Fundi, kuna rafiki amenipa kiungo cha "Windows 10 nyepesi", faili moja ya ISO, anasema imeondolewa uchafu wote na imeshawezeshwa, haitaki ufunguo. Nitumie? — Mwenye Laptopu Dhaifu

Usiitumie. Aliyeondoa "uchafu" huwa ameondoa pia Windows Defender na masasisho, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopunguza uzito, na alichoingiza mahali pake hukijui wala rafiki yako hakijui. Mfumo endeshi ndio unaoona kila neno la siri unaloandika.

Chukua ISO, yaani faili yenye kisakinishi kizima cha Windows, kwa Microsoft. Ikishashuka, fungua dirisha jeusi kwenye folda iliyomo na uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapewa mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa Microsoft ulipopakulia, kwa lugha na toleo lile lile. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, futa upakue tena. Na kama laptopu ina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, Windows yoyote utakayochagua itakuwa nzito. Diski ya SSD itakusaidia kuliko kubadili toleo.